Zulia, taa ya karatasi na mapazia ya kitani: mapitio ya sebule yenye vitu vichache

Kabla hujanunua chochote cha sebule ya mtindo wa vitu vichache, simama katikati ya chumba ulichokwisha kukipunguza, piga kofi moja, usikilize. Mlio ukirudi kutoka ukutani, umeshajua pesa ya kwanza iende wapi. Picha za sebule hizi huvutia, sikatai, ila picha haina sauti, na nyingi hupigwa mchana, dirisha wazi, mwenye nyumba hayupo. Sisi tunaoishi humo tunaishi zaidi usiku: taa zimewashwa, mtoto anaburuta kiti, mtu anaongea na simu.

Ninavyovipitia hapa ni vile vilivyomo sebuleni kwangu: zulia la sufu, balbu, taa ya karatasi ya kuning'inia, mapazia ya kitani, kabati refu la milango, stuli na mito. Kochi silihesabu; ni la kijivu, lilikuwepo, halina neno. Sitaji muuzaji yeyote, maana vitu hivi huuzwa na watu wengi kwa majina mengi, na tofauti yenye maana huandikwa nyuma, kwenye lebo ya maandishi madogo.

Niseme mapema ninapoegemea. Chumba chenye vitu vichache kikiwa hakikaliki, mara nyingi kinachokiharibu ni sauti na mwanga. Watu wakiuona ubaridi ule huanza kuongeza: chombo cha maua, fremu, kikapu, majani makavu. Vitu vinarudi kimoja kimoja, na ubaridi uko palepale.

Wifi yangu alipoingia mara ya kwanza baada ya kazi ya kupunguza, alisimama mlangoni akauliza, "Wifi, mnahama?" Tulicheka. Lakini nilimsikia akishusha sauti kadiri alivyoendelea kuongea, na wifi si mtu wa kushusha sauti. Sakafu yetu ni ya vigae, kuta tatu ni tupu, dirisha ni pana. Kila neno liligonga mahali likarudi, na yeye alikuwa akijisikia mwenyewe mara mbili.

Hili lilishapimwa zamani. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilimkabidhi mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, ukumbi wa mihadhara uliokuwa hauna faida kwa mtu: neno lilibaki likisikika kwa takriban sekunde 5 na nusu baada ya kutamkwa, likapandana na yaliyofuata. Sabine hakuanza kwa kubomoa kuta. Alibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo, usiku mji ukiwa kimya, akaipanga, akapuliza bomba la kinanda na kupima mlio unachukua muda gani kufa. Mito ilipoongezeka, mlio ulifupika. Kutoka kwenye mito ile ikapatikana hesabu ambayo wasanifu wa kumbi wanaitumia hadi leo: ukubwa wa chumba hurefusha mlio, na kila kinachofyonza sauti huufupisha.

Sasa rudi sebuleni. Ukitoa rafu za vitabu, viti vya ziada na mapambo ya ukutani, umetoa pia vilivyokuwa vikikufyonzea sauti bila wewe kujua. Huhitaji kuvirudisha. Unahitaji kitu kimoja kikubwa na laini, na hapo ndipo zulia linapoingia.

Langu ni la sufu isiyotiwa rangi, manyoya mafupi, mita 2 kwa 3. Rangi yake ni ya kondoo wenyewe, krimu iliyochanganyika na kijivu na kahawia hafifu, na mchanganyiko huo ndio sababu ya kwanza ya kulisifu: uzi mmoja wa nywele au chembe ya vumbi haionekani hadi uinamie. Zulia la rangi moja tupu, hasa jeupe, linakudai usafi wa kila saa. Sufu ina mafuta yake ya asili, na kimiminika kikimwagika hukaa juu kidogo kabla hakijazama. Ule muda mfupi ndio wa kukimbilia kitambaa. Bonyeza, usisugue. Sabuni iwe ya sufu, maji yasiwe ya moto. Na kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti: dawa za kung'arisha nguo zenye klorini huyeyusha sufu. Hazififishi rangi tu, zinakula uzi wenyewe. Usijaribu hata kwenye kona.

Kabla ya kulipa, ligeuze. Kama ruwaza unaiona nyuma vilevile kama mbele, limefumwa au limefungwa vifundo, na litadumu. Kama nyuma kuna kitambaa kilichobandikwa kufunika kila kitu, basi nyuzi zilidungwa kwa mashine na kushikwa kwa gundi ya mpira. Hayo ni ya bei nafuu zaidi na si mabaya kwa miaka ya mwanzo, lakini gundi ile hukauka, ikaanza kumomonyoka na kuwa unga chini ya zulia. Ukikuta vumbi la njano njano sakafuni na hujui limetoka wapi, ndilo hilo.

Lawama zangu kwa sufu ni hizi. Miezi ya mwanzo linapukutisha nyuzi kupita kiasi. Kifyonza vumbi kinajaa, na usithubutu kutumia brashi inayozunguka, italing'oa zaidi. Siku za unyevu lina harufu ya mnyama, hafifu, lakini ipo. Na nondo. Viwavi wa nondo hula sufu, tena hupenda pale penye giza pasipoguswa, yaani chini ya kochi. Ninainua ukingo wa zulia kila ninapofanya usafi mkubwa na kupitisha kifyonza vumbi pande zote mbili. Mtu asiyetaka kazi hiyo achukue la plastiki, polipropilini, ambalo huoshwa kwa mpira wa maji na kuanikwa. Manyoya yake yatalala mapema pale miguu inapopita sana, na kiganjani halina raha, lakini kwa nyumba yenye watoto wadogo sitabishana na mtu.

La juti ninalo pia, liko kwenye ukumbi mwembamba wa kuelekea vyumbani, na huko ndiko liishie. Lina sura nzuri sana kwenye picha. Ukilikalia kwa magoti utaamka na chapa, na tone la maji safi tu linaacha duara la kahawia ambalo halitoki. Nyuzi zake humeng'enyeka na kushuka chini kuwa vumbi. Kwa njia ya kupita, pakavu, sawa. Kwa sebule ambamo watu hukaa chini, hapana.

Ukubwa ni jambo ambalo watu wengi hulibania. Zulia dogo katikati ya chumba kitupu hukifanya chumba kionekane kimesahauliwa. Miguu ya mbele ya kochi ni lazima iwe juu ya zulia. Kabla ya kununua, bandika utepe wa karatasi sakafuni kwa kipimo unachofikiria na uishi nao siku chache. Utaongeza sentimita, nakuhakikishia. Chini yake nimeweka tandiko la sufu iliyoshindiliwa, si ule wavu wa mpira. Wavu huzuia kuteleza, basi. Tandiko linaongeza unene wa kufyonza sauti na hatua ya mguu inabadilika. Nilipopiga kofi baada ya kulitandika, kulikuwa bado na mlio mdogo kutoka upande wa dirisha, na huo ulisubiri mapazia.

Balbu ndizo kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye orodha hii, na kwa kazi ziko pili baada ya zulia. Angalia boksi, tafuta namba yenye herufi K, kipimo cha rangi ya mwanga. Mwanga wa mshumaa uko karibu na 1,900. Balbu za zamani za waya zilikuwa karibu 2,700. Ofisi nyingi hutumia 4,000, na 6,500 ni mwanga wa mchana wa buluu buluu. Namba ikipanda, mwanga unakuwa baridi zaidi, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa dukani. Sebuleni nimeweka 2,700 kila taa, bila kuchanganya. Ukuta wangu ni wa rangi ya maziwa. Chini ya balbu ya 6,500 ulikuwa na ukijani, na mbao za kabati zilionekana zimekauka. Rangi ya ukutani haikuguswa. Mwenye kutaka kupaka rangi upya kwa sababu chumba "kimepoa" abadilishe balbu kwanza.

Namba ya pili ni ya uaminifu wa rangi, huandikwa CRI au Ra, na mwisho wake ni 100. Balbu nyingi za kawaida ni 80. Tafuta 90 na kuendelea. Tofauti huionei kwenye ukuta mweupe. Unaiona kwenye ngozi za watu, kwenye mbao na kwenye chochote chenye wekundu, na sebule ya vitu vichache karibu yote ni mbao na watu. Ya tatu ni lumeni, yaani wingi wa mwanga. Lumeni 800 ni sawa na balbu ya zamani ya wati 60. Kwa taa ya mezani hiyo ni nyingi. Zangu ni za lumeni 400 na kidogo, na ziko tatu, pembe tatu tofauti. Taa ya dari huwashwa mtu akitafuta kitu kilichoanguka.

Swichi ya kupunguza mwanga ni raha, ila soma boksi: si kila balbu ya LED inaikubali, na nyingine huikubali huku ikivuma kama mdudu. Jambo jingine: balbu ya waya ilipopunguzwa iligeuka nyekundu zaidi, ndiyo maana watu huikumbuka kwa mapenzi. LED ya kawaida ikipunguzwa inafifia tu, rangi ileile, na chumba kinakuwa cha majivu. Zipo zinazoshuka hadi wekundu zikipunguzwa. Ni ghali kidogo. Nimenunua moja tu, ya taa iliyo kando ya kochi, na sioni haja ya nyingine. Kwa zile zinazomemeteka, elekeza kamera ya simu kwenye balbu. Ukiona michirizi inatembea kwenye kioo, irudishe. Macho yako hayaioni, lakini baada ya saa mbili za kusoma kichwa kitakuambia.

Kanuni yangu ya taa ni moja: nikiwa nimekaa, nisiione balbu. Mdenmark Poul Henningsen alilifanyia kazi jambo hilo tangu miaka ya 1920, akipanga vifuniko tabaka juu ya tabaka ili jicho lisikutane na chanzo cha mwanga, na taa yake ya PH 5 ya mwaka 1958 bado inatengenezwa. Siyo lazima ununue ya kwake. Beba kanuni yake dukani: kaa chini ya taa, inua macho, na ukikutana na balbu uso kwa uso, endelea na safari.

Taa ya karatasi inaitimiza kanuni hiyo kwa njia rahisi kuliko zote, ndiyo maana imejaa kila mahali. Asili yake ya kisasa inajulikana. Mwaka 1951 mchongaji Isamu Noguchi, Mmarekani mwenye baba Mjapani, alipita Gifu, mji wa Japani uliosifika kwa fanusi za karatasi, akaanza kubuni taa alizoziita Akari. Karatasi yake ni washi, hutengenezwa kwa magome ya ndani ya mti wa jamii ya mforsadi. Mifupa yake ni vijiti vyembamba vya mianzi vinavyozungushwa juu ya kalibu ya mbao, kisha karatasi hubandikwa na kalibu kutolewa vipande vipande. Inakunjika bapa na kuingia kwenye bahasha. Alibuni maumbo zaidi ya 100, na mwaka 1986 alipoiwakilisha Marekani kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, alizipeleka taa hizo pamoja na sanamu zake. Alizihesabu kuwa kazi ya sanaa sawa na jiwe.

Yangu si hiyo. Yangu ni mpira wa karatasi ya kawaida juu ya waya uliozungushwa, aina inayouzwa kila pahali bila jina la mbunifu. Kwa upande wa mwanga sina la kulalamika: unatoka sawa pande zote, vivuli vinakuwa laini, nyuso za watu zinapendeza. Ikiwaka inajaza chumba bila kuongeza kitu chochote sakafuni, na kwa mtu wa vitu vichache hiyo ni faida tupu. Uimara ndio unaoniudhi. Upande unaotazama dirisha umeshageuka njano. Waya ulifika umepinda kidogo, hivyo mpira una shavu moja. Vumbi hutulia kwenye kila mkunjo, na huwezi kupangusa kwa kitambaa chenye maji. Natumia brashi laini ya kupakia rangi, nikianza juu. Karatasi ikichanika, kiraka cha karatasi nyembamba na gundi nyeupe kwa ndani kinatosha, na usiku hakionekani.

Nunua kubwa. Kwa chumba cha kawaida, kipenyo cha sentimita 60 ndicho mwanzo. Ya 40 ikining'inia peke yake darini haishiki nafasi. Ishushe kuliko unavyodhani, mradi hakuna mtu atakayepita na kuigonga kwa kichwa. Balbu iwe LED tu, katikati, isiguse karatasi. Balbu ya waya inatoa joto ambalo sitaki kulifikiria karibu na karatasi. Nikipata nafasi ya kuibadilisha nitaweka ya washi na mianzi, kwa sababu nimeishika kwa mikono na nyuzi ndefu za karatasi ile hazichaniki kijinga. Kwa sasa hii inatosha, na ningemshauri yeyote aanze na ya bei ndogo ili ajue kwanza ukubwa anaoutaka.

Mapazia. Hapa neno "kitani" kwenye tangazo halina maana mpaka usome lebo. Kitani halisi hutoka kwenye shina la mmea wa kitani, na uzi wake una unene usio sawa, mahali pana, mahali pembamba. Mwanga wa asubuhi ukipita hapo haupiti sawasawa, na ukuta wa kando unapata uhai ambao kitambaa cha plastiki "chenye mwonekano wa kitani" hakiutoi, kwa sababu mistari ya uzi wake imeigwa kwa mashine na kurudiwa rudiwa. Lishike dirishani, si chini ya taa za duka. Mchanganyiko wa kitani na pamba ni mzuri pia, unakunjamana kidogo kuliko kitani tupu, na ndio niliouchagua kwa chumba cha kulala.

Kwa sebule nimeweka kitani tupu, bila bitana. Hukunjamana. Mwenye kupiga pasi kila kitu atateseka. Mimi huyatundika yakiwa na unyevu na uzito wake unayanyoosha vya kutosha. Husinyaa yanapofuliwa mara ya kwanza, kwa hiyo yafue kabla ya kupindwa, au acha pindo refu la chini. Upana uwe mara mbili ya fimbo, na mara mbili na nusu kama unaweza, la sivyo ukiyafunga yanakuwa shuka lililotandazwa kwenye kamba. Fimbo ipande karibu na dari na itokeze kando ya dirisha, ili pazia likifunguliwa likae ukutani na kioo kibaki huru. Sentimita hizo za juu ndizo hufanya dari ionekane imepanda, na hakuna samani inayoweza kufanya hivyo.

Usiku yana kasoro kubwa: taa ikiwaka ndani, aliye nje anaona vivuli vyenu vyote mkitembea. Wauzaji huliepuka hili. Dawa ni fimbo ya pili nyuma yenye kitambaa kizito, cha rangi ileile, kinachofungwa jioni. Hicho kizito ndicho kilichomaliza ule mlio wa dirishani, wala si kitani. Kitani chepesi hufyonza sauti kidogo tu. Kwa hiyo nikiulizwa kipi nisingekosa kati ya viwili, nitasema kizito, ingawa kinachosifiwa na wageni ni kile kingine.

Kabati refu la milango halihitaji maneno mengi. Ndimo vinamokaa vitu ambavyo picha haziwaonyeshi: ruta ya intaneti, chaja, michezo ya watoto, karatasi za bili. Rafu ya wazi inakuomba uipange kila siku. Mlango unafungwa na yamekwisha. Langu ni chipubodi yenye vinia, yaani ngozi nyembamba ya mbao, ya mwaloni, na sioni aibu. Mbao nzima ya urefu huo ingeweza kupinda. Kagua kingo, hasa za chini, kama ukanda wa vinia umeshikana vizuri, maana maji ya kudekia huanzia hapo. Tundu la nyaya liwepo nyuma. Milango isiyo na vipini, ya kusukuma ifunguke, inaonekana safi siku ya kwanza, kisha kila mlango unapata alama za vidole na kimoja cha vifungio kinaanza kukataa. Ningechukua yenye vipini vidogo vya mbao.

Stuli zangu ni za fundi, za miguu mitatu, wazo likiwa la Alvar Aalto wa Finland ambaye stuli yake namba 60 ya mwaka 1933 ilikuwa na miguu ya betula iliyopindwa ikafungwa moja kwa moja chini ya kiti. Miguu mitatu haiyumbi hata sakafu ikiwa na mabonde, jambo ambalo miguu minne haiwezi kukuahidi. Lakini mtu akikalia ukingo kati ya miguu miwili, anakwenda chini, na mjomba mmoja mzito ameshatushuhudia hilo bila kuumia. Kwangu hufanya kazi zaidi kama meza ndogo za kando, huja karibu na kochi, hurudi ukutani. Zinarundikana moja juu ya nyingine. Nyingine sitaki.

Kuna kitu nilichokikataa, na huulizwa sana: kiti cha kitambaa cha bukle, kile chenye vifundo vyeupe. Nimekalia vingi. Ni laini, hufyonza sauti vizuri, na kinapendeza kwa macho. Vifundo vyake hunasa zipu, pete na kucha za paka, na kikishanaswa uzi unatoka mrefu. Doa likizama kati ya vifundo hulifikii. Kama kava lingekuwa la kuvua ningefikiria upya, ila karibu vyote nilivyoviona vimeshonewa moja kwa moja kwenye fremu. Vyombo vya maua vya rangi ya mchanga vinavyouzwa vitatu vitatu sitavizungumzia. Ukiwa na kimoja unachokipenda, kinatosha. Mishumaa yenye manukato hivyo hivyo, nafungua dirisha.

Mito ndiyo ya mwisho, na inadharauliwa bila sababu. Kwenye kochi ni mitatu, mikubwa, rangi za kahawia na kijivu zilizo karibu karibu, lakini vitambaa tofauti: kitani, sufu, na pamba ya kufumwa nene. Chumba kikiwa na rangi chache, mkono ndio unaotafuta tofauti, si jicho. Ujazo uwe mkubwa kuliko kava kwa sentimita 5, kava la 50 lipewe mto wa 55, ili pembe zisilegee. Ujazo wa nyoya hurudi ukiupiga ngumi. Wa nyuzi za plastiki hujikusanya mabonge baada ya kufuliwa mara kadhaa, ingawa kwa mwenye mzio ndio salama zaidi. Na fungua zipu dukani, yote, hadi mwisho. Kama haifiki pembe kwa pembe, kuingiza mto wa 55 itakuwa vita kila siku ya kufua, na muuzaji hatakuwepo kukusaidia.